Sare tatu, gauni moja na daftari la hesabu: duka la ushonaji la wasichana waliozalia nyumbani, Mtwara

Desemba iliyopita nilipeleka vitambaa vya sare za watoto watatu, pamoja na kitenge changu cha gauni, katika duka dogo la ushonaji lililoko Chikongola, Manispaa ya Mtwara-Mikindani, mwendo mfupi wa bajaji kutoka Soko Kuu. Duka hilo halina bango. Mbele kuna meza ya kupokelea wateja na kamba iliyotundikwa nguo zilizokamilika, na nyuma ya pazia kuna chumba kirefu chenye cherehani kumi na moja, ambamo wasichana waliozalia nyumbani, wengi wao wakiwa wameachwa na waliowapa ujauzito, hujifunza ushonaji kwa miezi tisa. Ninaandika kama mteja aliyelipa fedha yake, si kama mfadhili, kwa sababu mengi yanayosemwa kuhusu mafunzo ya aina hii huishia kwenye picha za siku ya kukabidhi vyeti, na ni nadra mtu kueleza kama nguo yenyewe ilivalika.

Mashati matatu meupe yalishonwa vizuri kuliko nilivyozoea. Kola zilikaa wima hata baada ya kufuliwa mara nne, mishono ya ubavuni ilipigwa mara mbili, na mfuko wa kifuani haukwenda upande. Sketi ya bluu ya binti yangu iliachiwa upindo wa vidole vinne ili ishushwe atakapokua, jambo ambalo sikuliomba. Aliyenipimia, msichana wa kama miaka ishirini mwenye futikamba shingoni, alilieleza kwa maneno machache: "Mama, huyu anarefuka. Nisipoacha pindo, mwezi wa sita utanirudia."

Gauni la kitenge ndilo lililonisikitisha. Kifua na mabega vilikaa sawasawa, lakini maua ya kitenge hayakukutana kwenye mshono wa mgongoni, na yeyote anayekijua kitenge atakubali kwamba hilo ni kosa la ukataji, wala si la ushonaji. Mwalimu wao alipoliona hakubishana nami. Alimwita aliyekata, akalitandaza gauni mezani, akamwonyesha kwa chaki mahali ambapo ua la kwanza lilipaswa kukunjwa katikati kabla ya mkasi kugusa kitambaa, kisha akamwachia chaki aonyeshe yeye mwenyewe. Nilirudishiwa nusu ya fedha ya ufundi. Gauni ninalivaa hadi leo, mtandio ukiwa umeshuka mgongoni.

Kasoro kubwa ya huduma ni muda. Niliahidiwa kazi yangu Desemba 28, nikaipata Januari 5, siku chache tu kabla ya shule kufunguliwa, baada ya kufika pale mara tatu nikiambiwa "bado kidogo". Sehemu ya lawama ni ya umeme, kwa kuwa cherehani za miguu huendelea na kazi unapokatika, lakini mashine ya ovaloki ya kufunga kingo za vitambaa ni moja, na ikisimama nguo zote hurundikana mbele yake. Sehemu iliyobaki ni yao wenyewe, maana walipokea kila kitambaa kilichoingia mlangoni kwa hofu kwamba mteja akikataliwa mara moja hatarudi. Fundi mzoefu hujua kusema "sina nafasi", na naona hilo nalo lifundishwe kama yanavyofundishwa marinda na zipu.

Kilichonirudisha pale mwezi wa Februari, nikiwa sina hata kitambaa mkononi, ni daftari nililoliona juu ya meza. Kuanzia mwezi wa nne wa mafunzo, kila msichana huruhusiwa kushona kazi za wateja na hupewa ukurasa wake. Shati nililolipia ufundi wa shilingi 9,000 liliandikwa hivi: shilingi 5,500 za mshonaji, shilingi 1,000 za kununulia cherehani yake, na shilingi 2,500 za uzi, vifungo na kodi ya chumba. Aliyenipimia alinifungulia ukurasa wake bila kuombwa mara mbili, na kwa jinsi alivyokuwa akipitisha kidole mstari kwa mstari, ilionekana wazi kwamba ameshaurudia mara nyingi. Ikiwa cherehani ya miguu itanunuliwa kwa laki tatu, inamlazimu kukamilisha vipande 300. Katika msimu wa sare alikuwa akimaliza vinne kwa siku, lakini msimu wenyewe ni wa wiki chache, kwa hiyo kupanga miezi tisa si jambo la kubahatisha.

Hesabu hiyo ina uzito wake hapa kwetu, mahali ambapo kila mtu anajua maana ya kangomba, yaani ununuzi holela wa korosho kwa bei ya kutupa. Mkulima aliyeuza korosho zake zikiwa bado mtini, kwa sababu ana shida leo, na binti anayekabidhiwa kitambaa na fundi mkubwa ashone gauni zima kwa shilingi 1,000 kwa sababu hana cherehani wala mteja wake, wamo katika biashara moja. Nimewahi kuona mradi mmoja katika mkoa huu uliogawa cherehani mpya kwa sherehe na hotuba, na mwaka haukuisha kabla cherehani mbili za mtaani kwetu hazijapata hatima yake: moja iliuzwa mtoto alipolazwa hospitalini, nyingine ikashika kutu kwa kukosa mtu wa kurekebisha bobini. Wasichana wale walikuwa wanajua kushona. Walichokosa ni mtu wa kuwaletea kitambaa, na ujasiri wa kutaja bei. Katika duka hili bei hutajwa na msichana mwenyewe mbele ya mteja, mwalimu akiwa amesimama pembeni kimya, na nilipojaribu kupunguziwa, kama ilivyo kawaida yetu, nilijibiwa kwa adabu kwamba uzi umepanda lakini vifungo nitawekewa vya akiba.

Jambo jingine wanalolijua ni kwamba fedha ya mikoa hii haiji kwa usawa mwaka mzima. Minada ya korosho huanza mwezi wa Oktoba, na ndiyo maana Desemba na Januari duka hujaa. Kuanzia Machi wateja hupungua, wakulima wakiwa wamebaki na mashamba na madeni. Mafunzo yanayomwandaa msichana kwa ajili ya msimu mmoja yatamwacha akikopa chumvi mwezi wa Mei. Ndiyo sababu nilipenda kuona kwamba miezi ya ukame hutumika kushona taulo za kike za kufua, mashuka na mikoba ya kitambaa, bidhaa ambayo ilipata wanunuzi zaidi tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 1, 2019, pamoja na kazi isiyo na fahari ya kupunguza na kuongeza nguo za mitumba. Mikoba, niseme ukweli, bado ni dhaifu kwenye mikanda. Wangu ulifumuka nikiwa nimebeba kilo tano za mchele, na fundi aliyeurudia alishona alama ya msalaba kwenye kiungo, namna ambayo ingepaswa kuwa ya kawaida tangu mwanzo.

Watoto wao hawafichwi. Nyuma ya chumba kuna mwembe, na chini yake mkeka ambapo mama mmoja mtu mzima hulipwa kuwaangalia, naye huwaita mama zao kwa zamu wakati wa kunyonyesha. Nikiwa nasubiri sare zangu, mtoto mmoja alitambaa hadi chini ya meza ya kukatia akajikusanyia vipande vya tetroni, na hakuna aliyeshtuka. Nadhani mkeka huo ndio unaowabakiza wasichana hawa darasani kuliko kitu kingine chochote. Mjini hapa kuna chuo cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na kwa msichana anayeweza kukaa darasani siku nzima hakuna mahali pengine ningependekeza kwanza. Lakini anayenyonyesha, na asiye na bibi wa kumwachia mtoto, hujiondoa kabla hajaanza.

Wakubwa miongoni mwao waliacha shule kabla ya Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi. Wadogo walikuwa na nafasi hiyo, lakini kurudi kidato cha pili kunahitaji mtu wa kumlisha mtoto wakati mama yake akisoma. Kwa kuwa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban wasichana 22 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshapata ujauzito, sioni kama cherehani kumi na moja zitakosa wa kuzikalia.

Nina malalamiko mawili kwa wasimamizi. La kwanza ni cheti. Wanachotoa ni karatasi yao wenyewe, ilhali VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, na mshonaji mwenye cheti kinachotambulika ana pa kuanzia anapoomba kushona sare za shule nzima. La pili ni mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kati ya hizo zikiwa za vikundi vya wanawake na 4 za vijana, bila riba, na mikopo hiyo ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka 2023. Wasichana niliozungumza nao walikuwa wamesikia habari zake redioni tu. Ovaloki ya pili ingepatikana kwa njia hiyo, na sare zangu zisingelala siku nane.

Kwa bei na ubora wa sare ninawapendekeza bila kusita. Kwa kitenge chenye maua makubwa, mwombe mwalimu akate yeye. Malipo hupokewa kwa fedha taslimu au kwa simu, na hudaiwa nusu tu unapoacha kitambaa. Mwezi wa Juni mpwa wangu anachezwa unyago, na sisi wa upande wa mama tumekwisha chagua kitenge cha sare. Nimeambiwa nivipeleke vitambaa wiki tatu kabla ya ngoma. Nitavipeleka wiki tano kabla.