Zidaka za Florence Mtaani Mkomani: Tathmini ya Onyesho la Picha

Onyesho la picha za kazi za Michelangelo, mchongaji na msanifu majengo wa Italia, lililopangwa katika nyumba moja ya mawe mtaani Mkomani, Lamu, ni dogo. Zipo picha kumi na nne tu, zote nyeusi na nyeupe, zilizotundikwa katika misana miwili (kumbi ndefu nyembamba za nyumba) na chumba cha ndani, na kiingilio ni bure. Nimekwenda mara mbili, na bado natamani kurudi.

Mpiga picha hakumtafuta Michelangelo wa kwenye kalenda, yule wa sanamu ya Daudi yenye urefu wa zaidi ya mita 5. Amejifungia katika majengo mawili yaliyounganika na kanisa la San Lorenzo mjini Florence: Sakristia Mpya, chumba cha ibada chenye makaburi ya ukoo wa Medici uliotawala mji huo, na Maktaba ya Laurenziana iliyoagizwa na Papa Clement wa Saba. Michelangelo alihamia Roma mwaka 1534 asirudi tena, ngazi za maktaba zikiwa hazijajengwa, na miaka mingi baadaye akatuma mfano wa udongo ili mchongaji na mjenzi Ammannati azijenge kwa kuufuata. Ngazi hizo zimepigwa kutoka juu, na vidato vya katikati, vilivyopinda na kujitokeza mbele, vinateremka kama mawimbi yanayofuatana hadi mchangani.

Lakini moyo wa onyesho uko kwenye kuta. Katika ukumbi wa ngazi hizo, nguzo ambazo kwa desturi husimama mbele ya ukuta zimezamishwa ndani yake, na vishikizo vya mawe vilivyo chini yake vinaonekana kana kwamba havibebi kitu. Mpiga picha amesubiri mwanga wa ubavuni, hata kivuli kilicho baina ya nguzo na ukuta kikawa kizito kama wino. Picha ya Sakristia inaonyesha vidaka (mashubaka ya ukutani) vikubwa vyenye fremu juu ya milango, vikiwa vitupu. Waandaaji wameitundika katika chumba cha ndani, ikitazamana na ukuta wa zidaka za chokaa za nyumba yenyewe, na kwa uamuzi huo peke yake wanastahili kushukuruwa. Mzee mmoja, fundi wa chokaa, alisimama hapo kwa muda mrefu, akapima kina cha kidaka kimoja kwa vidole, akaigeukia picha na kusema: "Huyu alijua kivuli hukaa wapi." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo kuhusu Michelangelo mjenzi.

Picha ya Usiku, sanamu ya mwanamke aliyelala juu ya kaburi mojawapo la Sakristia, kwa upande mwingine, imenisikitisha. Imekuzwa kupita kiasi na kuchapishwa kwa giza mno, hata bundi aliye chini ya goti la mwanamke huyo amepotea kabisa. Nasi wa pwani, tuliolelewa na hadithi nyingi za bundi, ndiye ambaye tungemtafuta kwanza. Maelezo ya picha nayo yameandikwa kwa Kiitaliano na Kiingereza pekee. Katika mji huu ni kosa linalouma, kwani wanafunzi niliowakuta walipita haraka mbele ya picha ambazo sentensi mbili za Kiswahili zingetosha kuwasimamisha.

Nakala ndogo zinauzwa mlangoni kwa shilingi 1,500. Karatasi yake ni nzuri, ila haikubandikwa juu ya kitu kigumu, na yangu ilijikunja pembe kwa unyevunyevu kabla ya wiki mbili kwisha. Atakayenunua aipeleke kwa fundi wa fremu siku hiyo hiyo.

Asubuhi mwanga wa kiwanda (ua wa ndani ya nyumba) hupiga moja kwa moja kwenye vioo, na mtazamaji huishia kujiona uso wake mwenyewe. Baada ya alasiri jua huwa limehama, na katika chumba cha ndani kivuli cha picha na kivuli cha zidaka huelekea upande mmoja.