Miaka miwili ya kusoma sayansi ya uhifadhi kwa masafa, nikiwa Mji Mkongwe

Nilianza kuitafuta kozi hii baada ya tarehe 25 Desemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la hapa kwetu, iliporomoka likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafariki. Mimi ni mzaliwa wa Mji Mkongwe na kazi yangu ni kusimamia ukarabati wa nyumba za mawe. Siku ile nililia, kisha nikajiuliza: hizi kuta ninazozipita kila siku nazijua kweli, au nimezizoea tu?

Chuo kiko Ulaya. Jina lake naliacha kwa kuwa yapo ya kulalamikia. Ni stashahada ya uzamili ya sayansi ya uhifadhi wa urithi, miaka miwili, masomo yote kwa intaneti isipokuwa wiki mbili za maabara chuoni. Ada nililipa kwa mafungu manne.

Somo la chumvi pekee lilinitosha kuona fedha yangu haikupotea. Sote huku tunaujua ule unga mweupe unaotoka ukutani na lipu inayobanduka kila mwaka hata ukiipaka rangi ya bei gani. Mwalimu alieleza kwamba chumvi ya kawaida hunywa unyevu wa hewa na kuyeyuka pale unyevunyevu unapopita takriban asilimia 75. Ukishuka chini ya hapo, chumvi inarudi kuwa chembe ngumu, na chembe hizo zinapokua ndani ya vitundu vya jiwe hulisukuma na kulivunja. Nilisimamisha video. Hewa ya Unguja usiku hupita hapo, mchana wa jua kali hushuka. Maana yake ukuta wetu unaumizwa karibu kila siku, na si masika peke yake kama nilivyokuwa nikidhani. Ukishapiga lipu ya saruji juu ya matumbawe na chokaa, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inajikusanya nyuma yake, na jiwe ndilo linaloliwa. Miaka mingi nimekuwa nikiwaambia wenye nyumba "saruji haifai" bila kuweza kuwaambia kwa nini.

Kazi ya mwisho wa somo hilo ilikuwa kupima chumvi iliyomo ukutani. Chuo kilituma kisanduku cha vifaa, lakini bila nitreti ya fedha, kemikali ya kuonyesha chumvi, kwa sababu haisafirishwi kwa posta. Hilo hawakutuambia mapema. Niliitafuta mwenyewe Dar es Salaam, ikanichelewesha wiki tatu. Maji nilitumia ya betri, na nikayapima yenyewe kwanza nisije nikalaumu ukuta kwa chumvi ya maji. Unatoboa ukuta kidogo kidogo, unga wa kila kina unautia kwenye maji, unaongeza tone la asidi ya nitriki, kisha nitreti. Maji yakigeuka mawingu meupe, chumvi ipo. Unga uliotoka nyuma ya saruji uligeuka kama tui la nazi. Vaeni glavu: vidole vyangu vilikaa vyeusi siku kadhaa.

Sasa upungufu. Wiki nzima tatu zilikwenda kwenye barafu, jinsi maji yanavyoganda ukutani na kupasua matofali. Kwa mwanafunzi wa Norway ni sawa. Mimi nilitaka kusikia habari za mchwa na boriti za mikoko, nikapata kurasa mbili. Mifano ya makumbusho nayo ilichukulia kwamba kila chumba kina kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana. Tunaokatikiwa umeme tulibaki kujitafsiria wenyewe.

La pili, mkono haufundishwi kwenye kioo. Video ya kuzima chokaa, yaani kuitia maji chokaa iliyochomwa, nimeitazama mara nne, lakini nilichokielewa nilikielewa kwa mzee mmoja fundi wa chokaa, ambaye ameanza kupanga tanuu akiwa kijana. Siku moja nilimpelekea fenoftalini, ile dawa inayogeuka waridi iliyokolea ikikuta chokaa ambayo bado haijarudi kuwa jiwe. Akaikwaruza lipu kwa ukucha kwanza.

"Hii bado, mwanangu. Juu imekauka, ndani mbichi."

Nikavunja kipande, nikadondosha. Ukingoni palibaki peupe, katikati pakawa waridi tupu. Mzee alinyamaza, akakigeuza kile kipande mara mbili mkononi, kisha akaniomba kichupa. Mpaka leo kinakaa kwenye kikapu chake pamoja na mwiko na timazi. Kwa hiyo kama huna fundi wa kumwendea, usiichukue kozi hii. Utahitimu ukijua kemia ya chokaa na hujui ladha ya kazi yake.

Zile wiki mbili za maabara ni bora mno. Kwa kibali nilibeba kipande cha lipu chenye upana wa ukucha. Kilipozamishwa kwenye gundi, kikasuguliwa na kuwekwa chini ya hadubini, nilihesabu tabaka 11 za chokaa, na ya nne kutoka ndani ilikuwa na buluu hafifu. Wenzangu walikisia kuwa ni rangi za gharama. Mimi nilidhani ni nili, ile ya kufulia nguo nyeupe, maana bibi yangu alikuwa akiitia kwenye chokaa ya ukutani kila kabla ya Idi. Mwalimu aliiandika kwenye daftari lake na kuniomba nirudie jina.

Natoa nyota nne kati ya tano. Anayetaka kujiunga aulize kabla ya kulipa: vifaa gani havitumwi, na video zinapakuliwa au lazima zitazamwe hewani, kwani bando langu la mwezi wa kwanza liliisha siku ya tisa. Viza ya zile wiki mbili ianze kushughulikiwa miezi minne kabla. Yangu ilitoka siku mbili baada ya darasa kuanza, nikaikosa siku ya mbao, niliyokuwa nikiisubiri kuliko zote.