Adapta tatu za propela kwenye mota ya 2212: ipi nimebaki nayo

Natengeneza mashine za boti Kirumba, Mwanza, huu ni mwaka wa 17. Jioni nikishafunga karakana naunda ndege ndogo za umeme, na mabawa nayakata kwenye yale maboksi meupe ya foamu yanayobebea minofu ya sangara. Jumamosi vijana wawili wa Nyegezi waliniletea ndege yao, propela inayumba hata kwa macho. Walishabadili mota mara mbili. Nikaishika, nikaizungusha kwa kidole, nikawaambia: wadogo zangu, mota ni nzima, tatizo ni adapta.

Nasema kile kipande cha aluminiamu kinachokaa kati ya shafti ya mota na propela. Madukani mjini ukiuliza adapta utaletewa kichwa cha chaji, kwa hiyo zangu zote nimeziagiza kupitia Dar. Nimetumia aina tatu kwa miaka miwili, zote kwenye mota ya 2212 (namba ya ukubwa wake) ya KV 1000, yaani mizunguko 1,000 kwa dakika kwa kila volti bila mzigo, betri ya seli 3. Shafti yake ni milimita 3.17. Iandikeni namba hiyo mahali, maana adapta ya milimita 3 haiingii, na ya milimita 4 inaingia lakini haikai katikati hata uikaze vipi.

Nianze na ya skrubu, kwa sababu ndiyo waliyokuwa nayo vijana wale. Inavishwa kwenye shafti, halafu skrubu moja au mbili ndogo zinakazwa ubavuni kwa ufunguo wa aleni. Bei yake ndogo, na mimi nilishawishika kwa bei. Shida yake iko kwenye namna inavyobana: skrubu ikisukuma upande mmoja, adapta nzima inahamia upande wa pili, kwa kiasi kile kile cha nafasi iliyopo kati ya tundu na shafti. Nafasi ya milimita 0.1 tu huioni kwa jicho. Lakini chukua propela ya gramu 10, ihame kando kwa 0.1 ya milimita, izunguke mara 8,000 kwa dakika: inavuta kando kwa nguvu sawa na uzito wa gramu 70 hivi, na mvuto huo unazunguka pamoja nayo. Ndiyo mtetemo unaoua beringi na kulegeza gundi ya pua ya ndege. Anayelazimika kuitumia apige bapa dogo kwenye shafti kwa tupa, skrubu ikae juu ya bapa, na atie gundi ya kuzuia nati kulegea. Wakati wa kupiga tupa funika mota vizuri, vumbi la chuma linavutwa na sumaku na halitoki. Mimi siinunui tena.

Ya pili ni ya mpira. Propela haikazwi kwa nati, inashikwa na oringi, pete ya mpira iliyopitishwa juu yake na kunasa kwenye skrubu mbili. Wavuvi wataielewa haraka kuliko mtu yeyote: ni kama ile pini ya propela kwenye mashine ndogo za boti. Ukigonga mwamba pini inakatika, gia zinapona. Hapa ndege ikitua kwa pua, propela inalala, shafti haipindi. Kwa anayejifunza sina nyingine ya kumshauri. Mwanangu alijifunzia hiyo, na alitua kwa pua mara nyingi, shafti ikabaki imenyooka. Ila iwe propela nyepesi ya mwendo mdogo, ile ya 8 kwa 3.8, yaani kipenyo inchi 8, na kila mzunguko ni kama inasonga mbele inchi 3.8. Na jua letu linakausha mpira. Nabadilisha oringi kila nikiona ufa, hata uwe mdogo kama unywele.

Ninayobaki nayo ni ya koleti. Kuna kijiti chenye nyuzi za skrubu, shina lake limepasuliwa na kutengenezwa kama koni. Unakivisha kwenye shafti, unaweka kola, propela, kile kibati cha duara kinachoitwa washa, halafu nati yenye umbo la risasi. Ukikaza nati, propela inasukuma kola juu ya koni, mipasuo inafumba, na shafti inabanwa pande zote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo inajileta katikati yenyewe. Nilipoiwasha mara ya kwanza, ndege ile ile iliyokuwa ikitetemeka mpaka mkia ilitulia, nikabaki nimeishika tu nasikiliza.

Lakini inataka usafi. Safari yangu ya tatu kule Luchelele, alfajiri kabla upepo wa ziwa haujaanza, ndege ikiwa juu kama mita 20, propela ilichomoka pamoja na adapta yake. Ndege niliishusha salama kwa kuteleza hewani. Adapta tuliitafuta kwenye mawe karibu saa nzima. Kosa lilikuwa langu: sikufuta mafuta ya kiwandani. Tangu siku ile nasafisha shafti na ndani ya koleti kwa spiriti, nasubiri ikauke, nasukuma adapta mpaka karibu iguse mota ila isiguse, ndipo nakaza kwa kupitisha bisibisi nyembamba kwenye tundu la nati. Baada ya kuruka mara ya kwanza nakaza tena, maana plastiki ya propela imeshaminywa. Nati ikaze kwa kadiri, nyuzi za aluminiamu zinaliwa upesi.

Tazama pia mota inazungukia wapi kabla hujafunga propela. Nyuzi ni za kawaida, mota ikigeuka kinyume nati inaweza kufunguka. Badilishanisha waya mbili zozote kati ya zile tatu za mota, basi. Propela yangu ya 9 kwa 6 ina tundu la milimita 6.35 na kijiti ni cha 6, kwa hiyo bila kipete cha kujazia utarudi kwenye mtetemo ule ule.

Lawama ninayo moja. Pakiti yangu ya koleti tatu, shilingi 12,000, ilikuwa na moja iliyotobolewa upande. Muuzaji hakunijibu. Sasa kila adapta naipima kabla: naizungusha bila propela, nasogeza ncha ya kalamu taratibu. Wino ukishika mduara mzima, ni nzima. Ukishika upande mmoja tu, naiweka kando.

Vijana wa Nyegezi nimewapa koleti moja katika zile mbili nzima, na oringi nne za kuanzia. Waje Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, tuifunge pamoja.