Kulala porini Arnhem Land kwa ajili ya picha za miambani: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo itakayowarudisha wengi nyuma. Loji tuliyofikia, magharibi mwa Arnhem Land kule kaskazini mwa Australia, ilitutoza karibu dola elfu moja za huko kwa kila mtu kwa usiku mmoja. Humo mna chakula, kibali cha kuingia na matembezi ya kuongozwa. Kwa hela hiyo Zanzibar unapewa chumba chenye bwawa lako mwenyewe na mtu wa kukukanda mgongo. Hapa unapewa hema la turubai juu ya sakafu ya mbao, kitanda safi, feni, wavu wa mbu madirishani, na choo ambacho vyura wa kijani wameshakimiliki. Simu haishiki. Umeme ni wa sola mchana, jenereta jioni. Mume wangu alilikagua hema, akanitazama, akanyamaza. Namjua akinyamaza.

Jina la loji silitaji kwa sababu nina malalamiko nayo, na sitaki mtu aninukuu kwenye ugomvi.

Sasa kwa nini nililipa. Mimi ni mtoto wa Kondoa. Michoro ya Kolo na vilima vya jirani, ile iliyoingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, nimeiona tangu shule ya msingi: tunapanda kilima kwa mstari, mwalimu mbele, tunaonyeshwa twiga na watu wembamba wenye vichwa vikubwa, tunaambiwa "ni kazi ya watu wa kale", tunashuka kula mihogo. Kazi ilipotuleta Darwin na nikasikia kwamba mwendo wa nusu siku kutoka hapo kuna miamba ya namna hiyo, tena wenyewe wangali hai na wanakusimulia, nikaanza kuweka akiba.

Njia yenyewe ni safari. Kutoka Darwin hadi Jabiru, ndani ya Hifadhi ya Kakadu, ni kama kilomita 250 za lami. Gari la loji likatuchukua hapo hadi kivuko cha Cahills kwenye mto East Alligator. Mto huo aliyeupa jina ni nahodha Mwingereza aliyedhani mamba aliowaona ni aligeta, jamaa yao mwingine. Ni mamba wa maji chumvi, wakubwa kweli, na bahari inapojaa maji hupanda mpaka yanafunika barabara ya zege, mamba wanajipanga kusubiri samaki wanaosukumwa na mkondo. Dereva alisubiri maji yapungue huku watalii wakipiga picha kutoka jukwaani. Ng'ambo ya mto ndiyo Arnhem Land, na huingii bila kibali. Eneo hilo lilitengwa kwa ajili ya wenyeji mwaka 1931, na sheria ya ardhi ya mwaka 1976 ikawapa umiliki wenyewe. Vibali hutolewa kupitia Baraza la Ardhi la Kaskazini, kwa Kiingereza Northern Land Council. Loji ilitushughulikia hilo vizuri, sina neno.

Chakula nacho kizuri. Niliandika mapema kwamba sisi ni Waislamu, wakatuletea kuku wa halali na kumtenga jikoni bila kutufanya tujione mzigo. Usiku mwingine tulikula barramundi wa kuchoma. Huyu ni ndugu wa damu wa sangara wetu wa Ziwa Victoria, wa jenasi moja kabisa, ila nyama yake ni laini zaidi na haina lile shombo. Malaria usiiogope, Australia ilitangazwa kuwa imeitokomeza tangu 1981, lakini mbu wa jioni hawana adabu na wana virusi vyao vingine, kwa hiyo vaa mikono mirefu.

Tuje kwenye picha.

Asubuhi ya kwanza alituongoza kijana wa loji, mgeni wa pale kama sisi, mchangamfu, mwenye kofia kubwa. Alitupeleka chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, ukuta mzima umejaa rangi: nyekundu ya ngeu, manjano, udongo mweupe, mkaa. Samaki juu ya kangaruu, kangaruu juu ya viganja, viganja juu ya kitu ambacho hakitambuliki tena. Viganja hivyo havikuchorwa. Mtu ameweka mkono ukutani, akapuliza rangi kwa mdomo kuuzunguka. Samaki ndio waliniteka. Wamechorwa kwa mtindo wa kuonyesha ndani ya mwili: uti wa mgongo, ini, kifuko cha hewa, kila kiungo mahali pake, kama vile mchoraji alikuwa akimtazama mvuvi akipasua samaki. Huyo kijana alitueleza kila kitu. Huyu ni mganga, yule anacheza ngoma ya uzazi, huyu wa pembeni pengine alikuwa mgonjwa. Nilianza kusikia "pengine" nyingi mno. Mama mmoja wa Melbourne alimuuliza amejuaje, akasema amesoma. Hapo ndipo lalamiko langu la kwanza: tangazo la loji lilisema utaongozwa na wenyeji wa ardhi, halikusema "baadhi ya siku".

Kesho yake akaja mzee. Ni Bininj, kama wanavyojiita watu wa upande huo, na lugha yake ni Kikunwinjku. Alitupeleka ukuta ule ule. Kwanza alisimama nje, akapaza sauti kwa lugha yake kuelekea mwambani, kama mtu anayebisha hodi kwenye boma la wakwe. Akatuambia amewaarifu waliomo kwamba ana wageni. Kisha akakaa kwenye jiwe na kwa muda mrefu hakusema kitu.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza samaki yule mkubwa ana umri gani.

"Huyo wa zamani kidogo," akasema. "Huyo mwekundu chini yake, wa zamani sana. Na yule pale, alichorwa na mjomba wangu."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akanyoosha kidole: barramundi mweupe mwenye mistari myembamba myekundu ya kukatiza. Mjomba alilala hapo masika moja, mvua ilipowafungia, akachora walichokula. Jina la mjomba hakulitaja, na huko marehemu hatajwi ovyo, kwa hiyo hatukuuliza. Jambo hili si geni kwa anayejua historia ya hapo. Upande wa Kakadu, kwenye mwamba wa Burrungkuy, kuna ukuta maarufu wa Anbangbang ambao mchoraji Nayombolmi aliupaka mwaka 1964. Mwaka 1964! Tanganyika na Zanzibar zinaungana, Nayombolmi yuko mwambani na brashi ya unyasi. Nimekulia kwenye fikra kwamba mchoro wa mwambani thamani yake ni ukale wake, na hapa nilikuta mtu ambaye ukale haumshughulishi sana. Kinachomshughulisha ni nani ana haki ya kuchora hapo, hadithi ni ya ukoo gani, na nani aisikie.

Maana nyingine alitunyima, na alitunyima waziwazi. Kwenye pango moja dogo alitueleza kisa cha viumbe wembamba waitwao mimih, wanaoishi kwenye nyufa za miamba, ambao ndio waliowafundisha watu kuwinda na kuchora. Mume wangu akauliza swali la pili, mzee akacheka: hiki nilichokwambia ndicho ninachowaambia watoto wetu, na wewe leo ni mtoto. Kwingine alitusimamisha mbali, akasema tufunge kamera. Kuna bonde hatukuingia kabisa. Ni la wanaume, na hata wanaume wale waliokuwa kundini hawakuruhusiwa. Kuna mgeni mmoja alinung'unika chakulani kwamba amelipa. Mimi nilijisikia nyumbani. Kule Kolo, kwenye pango la Mungomi, panaendelea kufanyiwa matambiko mpaka leo, na bibi yangu alikuwa na majibu ya namna hiyo hiyo kwa mtoto mdadisi.

Lalamiko la pili. Ukuta tuliokuwa tumeuota, ule wa nyoka mkubwa wa upinde wa mvua ambao picha yake ndiyo iliyotuuzia safari, ulikuwa umefungwa kwa sababu ya msiba. Huko mtu akifariki, njia na mahali pake huweza kufungwa hata kwa miezi, na ni haki yao kabisa. Lakini loji ilijua kabla hatujaondoka Darwin, ikatuambia tukishafika. Nilipomuuliza meneja akasema wageni wengi wangeahirisha. Hilo lilikuwa jibu la kweli, namshukuru kwa ukweli, na nyota moja nimeiondoa hapo hapo.

Badala yake mzee alitupeleka kwenye ukuta wa meli. Hapa ningekaa wiki. Kuna jahazi la matanga ya pembe nne, la Wamakasar kutoka Sulawesi, waliokuwa wakija kila mwaka na pepo za kaskazini-magharibi kuvua na kuchemsha majongoo bahari kwa ajili ya soko la China, mpaka serikali ya jimbo la Australia Kusini ilipowazuia mwanzoni mwa karne ya 20. Kuna meli ya Kizungu, bunduki, na mtu mwenye kofia na mikono mifukoni. Mkono mifukoni, kwa watu wasiokuwa na mifuko, lilikuwa jambo la kuchorwa. Hapo nikamsimulia mzee kwamba mwaka 1944 askari mmoja aliokota kwenye visiwa vya Wessel, mbali mashariki mwa pwani hiyo hiyo, sarafu chache za shaba, na tano kati yake zilikuwa za masultani wa Kilwa. Mpaka leo wanahistoria wanabishana zilifikaje. Mzee hakushangaa hata kidogo. "Mashua zimekuja nyingi," akasema, "hamkuandika zote."

Jinsi wanavyozitunza nako ningependa idara yetu ya mambo ya kale ikaone. Juu ya kuta nyingine za Kakadu utaona mstari mwembamba wa silikoni, umegandishwa kwenye mwamba ili maji ya mvua yageuke yasiteremke juu ya rangi. Maadui wengine ni nyigu wanaojenga viota vya udongo juu ya picha, moto, na nyati wa kufugwa waliotoroka tangu walipoletwa karne ya 19, ambao hujikuna mgongo kwenye kuta. Mzee alikuwa na hasira na nyati kuliko na watalii.

Alasiri tulishinda kwenye bwawa lenye mayungiyungi, boti bapa, mabata bukini kwa maelfu, mamba mmoja aliyetufuata bila haraka. Zuri, lakini aliyeona Manyara hatapiga yowe. Kilichonivutia zaidi ni akina mama wa Gunbalanya, mji mdogo wa ng'ambo ya mto, wakisuka mikoba kwa majani ya mmea wa jamaa moja na mkadi wetu wa pwani, wanayatia rangi kwa mizizi na kusuka kwa kuzungusha kutoka kitako kwenda juu. Nimenunua mmoja. Sikudai punguzo.

Nani aende? Mwenye magoti yanayopanda mawe, asiyehitaji intaneti, na anayeweza kuambiwa "hilo siwezi kukwambia" bila kuudhika. Nenda kati ya Juni na Agosti. Mei kivuko huweza kuwa bado na maji mengi, Oktoba joto litakutoa roho. Watoto wadogo wataudhika kwa ukimya. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano: ya mzee peke yake ni tano.

Na kama dola elfu kwa usiku ni ndoto, fanya hivi. Lala kambini Jabiru au kwenye kambi za hifadhi. Kwa kiingilio cha Kakadu peke yake utaona Ubirr, ambako juu kabisa ukutani kuna mchoro wa mnyama mwenye milia mgongoni aliyetoweka Australia bara zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, chukua darubini. Kisha omba kibali cha siku moja, vuka hadi Gunbalanya, uende na mwongozaji wa kituo cha sanaa cha Injalak, kinachomilikiwa na wenyeji, mpande pamoja mlima wa Injalak. Ukiamua loji, kabla hujalipa waandikie maswali mawili: nani ataongoza siku ipi, na mahali gani pamefungwa kwa sasa. Wakijibu kwa kuzungukazunguka, hela yako ibaki mfukoni.