Mezcal ya Mkonge Pori kwa Dola 42: Angalia Haya Mapovu

Wadau mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli, na leo usiskip maana nina mzuka kweli. Hii hapa ni mezcal, pombe kali ya Mexico inayopikwa kwa mkonge, na hii ni ya mkonge pori unaoitwa cupreata, imetoka milima ya Guerrero huko Mexico, nimeinunua hapa Houston dola 42. Dola 42, na ni ya pori! Zile za tobalá, mkonge pori mwingine, mnajua bei zake, chupa moja inavuka dola 100, unaiangalia tu kwenye shelfu unapita.

Mambo ya kuchoma mkonge kwenye shimo la mawe ya moto nilishaeleza, sirudii. Kuna kitu kimoja nataka mkione. Kamera sogea. Naitikisa chupa hivi, kwa nguvu, naiweka chini. Umeona hapo shingoni? Mapovu makubwa yamepasuka, haya madogo yamejipanga pembeni kama shanga, naongea na bado yapo! Wenyewe wanayaita perlas. Wapikaji wa kule wanavuta pombe kwa mwanzi, wanaimwaga kwenye kibuyu, halafu wanatazama mapovu yanakaa muda gani. Yakikaa hivi, kilevi kipo kwenye asilimia 45 mpaka 55 hivi, ikiwa dhaifu yanapasuka fasta, ikizidi ukali pia yanapasuka fasta. Lebo inasema 47. Ngoja nitikise tena... aisee!

Kuna nyingine ya bei hii hii, ile yenye mdudu ndani, jina sitaji, hiyo nimeitikisa povu likaisha hata sijaiweka mezani.

Haya, matone mawili kiganjani, sugua, acha spiriti iruke, nusa. Kinachobaki ni mkonge uliochomwa, utamu utamu, na hoho mbichi kwa mbali. Mdomoni moshi umekuja mwingi, nikasema hii 7, ila imekaa kwenye glasi wakati naongea na nyie, moshi umetulia, ndimu imetokea, sasa naipa 8. Na nusu. Ndio, 8 na nusu.

Ila bei hiyo hiyo inanipa wasiwasi. Watu wa Tanga mtanielewa, mkonge wetu, ule alioleta yule Mjerumani Hindorf mwaka 1893, unatoa machipukizi pembeni unapanda tena. Cupreata haitoi, inategemea mbegu tu, inakomaa miaka 7 mpaka 15, na inakatwa kabla haijachanua. Ukikata yote mbegu utaitoa wapi? Lebo imetaja kijiji, imetaja mpikaji, safi sana, lakini wameacha mingapi ichanue, wamepanda miche au vipi, hakuna. Waandike jamani, tunataka kujua.

Live ya Jumamosi imehamia Jumapili, nitaiweka pembeni ya mezcal ya espadín, mkonge wa kulimwa shambani, tuonje zote. Ikifika dola 60 naachana nayo, kwa 42 narudi kuchukua nyingine leo leo kabla duka halijafunga.