Uzoefu wangu: programu iliyomtupa Élisée nyuma ya Zawadi

Mimi ni sekretere wa shule hapa Bukavu, upande wa Kadutu. Ni mimi niliyemshawishi prefe, mkuu wetu wa shule, tununue programu hii ya orodha za wanafunzi na malipo, na mwanzoni niliisifu kwa kila mtu. Risiti inatoka upesi, hata mtandao ukikatika. Hilo silikatai mpaka leo.

Halafu ikafika siku ya mwisho ya minervali, yaani ada ya shule. Mvua inanyesha, foleni imefika langoni, mama mmoja yuko dirishani anasema amekwisha kumlipia Élisée wake. Natafuta kwenye E: Elia, Esther, Eugénie. Élisée hayupo. Nikamwambia mbele za watu kwamba hajalipa, mtoto akarudishwa nyumbani. Jioni ndipo nikamwona, chini kabisa baada ya Zawadi, pamoja na Émile na Éric. Aibu ile haijaniisha.

Kwa kompyuta kila herufi ni namba. Z ni 90, É ni 201, na programu hii inapanga kwa namba tupu. Kumbe kanuni za Unicode, mfumo wa dunia nzima wa namba za herufi, za kupanga majina kwa kufuata lugha zipo siku nyingi, tena bure: E na É zinakaa pamoja, alama inaangaliwa baadaye. Kiswidi kinaweka Ö baada ya Z, ni haki yake. Kifaransa hakipangi hivyo. Mabinti zetu wenye majina ya Mashi, lugha ya huku kwetu, yanayoanza na M' wameteseka zaidi: aliyeandikwa kwa alama ya juu (ile baada ya M) iliyonyooka anatangulia Ma, aliyeandikwa kwa simu, alama ikapinda, anakuja baada ya Mwa. Dada wawili, jina la baba mmoja, kurasa mbili mbali mbali!

Nikampigia fundi wao. "Mama, toeni hivyo vialama, nani anavihitaji?" Akakata simu. Jina liko hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, na ndivyo litakiwavyo kwenye diploma ya Serikali. Nani amempa ruhusa ya kubatiza upya watoto wa watu?

Nilikuja kutoa nyota tatu kwa ajili ya risiti. Sasa natoa moja. Kwa duka pengine inafaa. Hapana, hata duka lina wateja wenye majina. Kabla ya kulipa, andikeni Élisée, Esther na Zawadi, bonyezeni pale pa kupanga, muone Élisée anakwenda wapi.