Seti ya kontakti za stata ya Denso kwa Hilux za zamani: inunue, ila pima kwanza

Hilux yenye injini ya 22R (petroli) au 3L (dizeli) ikigoma kupiga stata, gereji nyingi hutoa hukumu papo hapo: stata imekufa, leta nyingine. Mara nyingi kilichokufa ni vipande viwili vya shaba (kontakti) ndani ya solenoidi, yaani swichi ya sumaku inayopeleka umeme kwenye mota ya stata, pamoja na kisahani kinachoviunganisha. Maduka ya spea za Toyota huviuza kama seti, tena kwa bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima, hata ile iliyotumika. Kwa kazi yake tunaipa nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano imekwenda na seti za bandia, tutazifikia.

Dalili inayoihusu ni hii: ukizungusha funguo unasikia "ta!" moja, nzito, kutoka kwenye stata. Taa za dashibodi hazififii na injini haizunguki. Unarudia, unarudia tena, mara inapiga kama vile haikuwa na shida. Kila stata inapopigwa, umeme mkubwa wa betri hupita kwenye kontakti hizo na cheche hula shaba kidogo kidogo, tena upande mmoja kuliko mwingine. Mwisho kisahani kinagusa kontakti moja na kuiacha ya pili hewani. Solenoidi imevuta, mota haijapata kitu.

Ukisikia "ta-ta-ta-ta" mfululizo na taa zikififia, shida ni betri au vichwa vyake vimeota ukungu. Kukiwa kimya kabisa, tafuta kwenye fyuzi, swichi ya funguo na waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi. Kwa gari ya otomatiki, jaribu kupiga stata gia ikiwa kwenye N badala ya P. Katika hali zote hizi seti hii haikusaidii chochote.

Kupima hakuhitaji zaidi ya multimita ya kawaida na mtu wa kushika funguo. Weka gia huru, vuta hendibreki. Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi, ikiwa 12.2 imebaki nusu, ichaji kwanza. Kisha weka waya mweusi wa mita kwenye bodi ya stata, na mwekundu kwenye nati ya waya mnene unaotoka betri: lazima pawe na umeme wa betri muda wote. Mwenzako akishika funguo kwenye stata, pima waya mwembamba. Ukikuta chini ya volti 8, usifungue stata; kontakti za swichi ya funguo zimechoka au waya una kutu, na relei ya pembeni (swichi ndogo ya umeme inayoipunguzia kazi swichi ya funguo) ndiyo dawa. Ukikuta 11 na solenoidi imegonga, hamia kwenye nati ya pili, ile inayoingiza umeme kwenye mota. Sifuri hapo, huku nati ya kwanza ina 12, maana yake kontakti zimekwisha. Nunua seti. Lakini nati zote mbili zikisoma 12 na mota haizunguki, angalia karboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka.

Usisahau ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri. Pima kutoka kichwa hasi cha betri hadi bodi ya stata wakati funguo imeshikwa. Ikizidi nusu volti, safisha waya wa ethi unaofungwa kwenye injini kabla ya kutumia hata shilingi.

Sasa ubora. Kontakti nzuri ni shaba nyekundu hadi ndani. Nenda dukani na sumaku ndogo: ikinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kitaungua mapema. Nenda pia na zile za zamani, kwa sababu stata za dizeli zina kontakti kubwa kuliko za petroli, na mbili za seti moja zinaweza kutofautiana umbo. Muuzaji anayesema "zote ni moja tu" hajawahi kuzifunga.

Ufungaji ni mwepesi, na hapo ndipo watu huharibu. Chomoa waya hasi wa betri kwanza. Ule waya mnene una umeme hata funguo ikiwa imetolewa. Shusha stata, fungua boliti tatu za kifuniko cha solenoidi, na utoe plunja (fimbo yenye kile kisahani) na springi yake. Badilisha kontakti zote mbili, na plunja pia kama kisahani chake kimechimbika. Ukiweka kontakti mpya moja, kisahani kitakaa mshazari kama mwanzo. Rudisha washa (vipete bapa) za plastiki na ringi za mpira mahali pake. Washa ikikosekana, boliti inagusa bodi, na utaona moshi mara tu ukirudisha betri. Wakati wa kukaza nati ishikilie kontakti isizunguke, wala usikaze kwa nguvu zote, plastiki hupasuka.

Kabla ya kurudisha kifuniko, sukuma plunja kwa kidole mpaka mwisho: kisahani kiguse pande zote mbili kwa pamoja, na mita kati ya nati mbili isome karibu sifuri omu. Ikiruka-ruka, legeza kontakti, inyooshe, kaza upya. Seti nyingi haziji na karboni wala ringi ya kifuniko. Ringi ikiwa imekauka nunua hapo hapo, la sivyo maji na tope vitaingia kwenye shaba mpya.